Unataka kujifunza udukuzi? Anza kwa kupiga hodi kwenye ruta yako

Tafuta kwenye simu yako "jinsi ya kuhaki WhatsApp" na ndani ya sekunde chache utaletewa video, makundi ya Telegram na programu za kupakua. Zote zinaahidi kitu kimoja: weka namba ya mtu, subiri dakika mbili, soma meseji zake.

Ahadi hiyo ni ya uongo. Meseji za WhatsApp hufungwa kwa msimbo ndani ya simu ya anayetuma na kufunguliwa ndani ya simu ya anayepokea. Zikiwa njiani, hata kampuni yenyewe haiwezi kuzisoma. Namba ya simu peke yake haifungui chochote.

Anayedukuliwa hapo, mara nyingi, ni yule aliyepakua. Anaiweka programu kwenye simu yake, inaomba ruhusa ya kusoma SMS, anabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Kuanzia hapo kila namba ya siri ya muda inayotumwa na benki yake inaweza kusomwa na mtu mwingine pia.

Lakini kati ya wanaotafuta hivyo wapo vijana wenye hamu ya kweli. Wanataka kujua kompyuta zinaingiliwaje, zinalindwaje, na pengine siku moja walipwe kwa kazi hiyo. Kwao habari njema ni kwamba misingi inajifunzika bure, na sehemu kubwa haihitaji vifaa vya bei mbaya. Habari isiyofurahisha ni kwamba haifanani na filamu. Hakuna herufi za kijani zinazotiririka kwenye skrini nyeusi. Kuna namba, milango na subira.

Kwanza, mtandao unaongeaje?

Anayeingia kwenye mfumo wa mtu hufanikiwa kwa sababu anaelewa jinsi unavyofanya kazi, wakati mwingine kuliko mwenyewe. Ndiyo maana wanaoanza na "programu za kuhaki" hukwama mapema, na wanaoanza na mtandao wenyewe husonga mbele.

Kila kifaa kilichounganishwa kina anwani yake, inaitwa anwani ya IP. Ukiwa kwenye wifi ya nyumbani, huenda simu yako ina anwani inayoanza na 192.168, na ruta yako mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Usishangae kukuta jirani naye ana namba hizohizo. Hizo ni anwani za ndani, kama chumba namba 3 kwenye gesti. Kila gesti ina chumba namba 3, na haileti mkanganyiko mradi uko ndani ya gesti hiyo. Ukitoka nje kwenda kwenye intaneti, vifaa vyote vya nyumbani huonekana kwa anwani ya nje iliyotolewa na kampuni ya mtandao.

Hakuna anayekariri namba za tovuti. Kwenye simu umehifadhi "Mama", siyo tarakimu 10, na simu inajua ipige wapi. Intaneti nayo ina daftari lake la majina, linaitwa DNS. Unaandika jina la tovuti, daftari linarudisha namba. Mtu akifanikiwa kuchezea daftari hilo, unaandika jina sahihi la benki yako na bado unapelekwa kwingine.

Picha unayotuma haisafiri ikiwa nzima. Inakatwa vipande vidogo, kila kimoja kikiwa na anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na namba ya mfuatano. Fikiria mzigo wa Kariakoo uliogawanywa kwenye mabasi tofauti kwenda Mwanza. Lingine linapita Dodoma mapema, lingine linachelewa, na anayepokea anaupanga kwa namba zilizoandikwa juu ya maboksi. Boksi moja likipotea, anapiga simu liletwe jingine.

Hodi, karibu, asante

Kompyuta moja ina milango mingi. Siyo ya kushika kwa mkono, ni namba kuanzia 1 hadi 65,535, na kila huduma hukaa nyuma ya mlango wake. Tovuti zilizofungwa kwa msimbo hukaa mlango wa 443, zisizofungwa 80. Fundi anayeingia kwenye seva kutoka mbali kwa kawaida hupitia 22. Kompyuta za Windows zinazoshirikiana mafaili ofisini hutumia 445.

Mazungumzo mengi ya mtandaoni huanza kwa hatua tatu. Kompyuta ya kwanza inapiga hodi. Ya pili, kama kuna huduma nyuma ya mlango huo, inajibu karibu. Ya kwanza inasema asante, naingia. Ndipo data inaanza kupita.

Mlango ukiwa umefungwa, jibu huja haraka: hapa hakuna mtu. Na kama kuna faiwoli, yaani mlinzi anayechagua nani apite, mara nyingi hupati jibu lolote. Kimya. Hujui kama wenyewe wamesafiri au wanakuchungulia dirishani.

Kuna programu ya bure inaitwa Nmap, iliyotolewa mwaka 1997 na Mmarekani Gordon Lyon. Kazi yake kubwa ni hiyo tu: inapiga hodi mlango baada ya mlango na kuandika nani kaitika. Wanaolinda mitandao wanaitumia, na wanaoishambulia wanaitumia. Programu ni ileile. Kinachobadilika ni nyumba unayoipigia hodi.

Ipeleke kwenye mtandao wa nyumbani kwako na utapata somo la kwanza. Televisheni iliyounganishwa na wifi inaitika. Kamera ya getini inaitika. Printa ambayo haijawashwa kwa makusudi tangu mwaka jana inaitika. Wengi hawajui nyumba yao ina milango mingi kiasi hicho.

Na mlango mmoja uliosahaulika unatosha. Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, kirusi kilichopewa jina WannaCry kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai dola 300 kwa bitcoin. Kilikuwa kinapiga hodi kwenye mlango wa 445 wa kompyuta za Windows, na kikipata iliyo na dosari kinaingia chenyewe, bila mtu kubonyeza chochote. Ndani ya siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi takriban 150 zilikuwa zimeathirika. Hospitali za Uingereza zililazimika kufuta maelfu ya miadi ya wagonjwa.

Kinachouma zaidi ni tarehe nyingine. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya dosari hiyo tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Walioumia wengi ni wale ambao hawakuwa wameweka sasisho hilo. Mwanafunzi wa usalama wa mtandao atakutana na hadithi hii tena na tena. Mashambulizi mengi hayatumii siri mpya, yanatumia uvivu wa zamani.

Neno la siri lililotoka nalo dukani

Mwaka 2016 vijana watatu wa Marekani walitengeneza Mirai, programu iliyozunguka intaneti ikitafuta kamera na ruta. Haikuwa na ujanja wa ajabu. Ilikuwa na orodha ya majina na maneno ya siri yapatayo 60 yanayowekwa kiwandani, aina ya "admin" kwa "admin", na ilijaribu moja baada ya jingine. Ilinasa mamia ya maelfu ya vifaa. Msimbo wake ulipowekwa hadharani mtandaoni, jeshi la vifaa vya namna hiyo likatumika tarehe 21 Oktoba 2016 kuishambulia kampuni ya Dyn, moja ya zinazoendesha lile daftari la majina, na Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki kwa watu wengi.

Kwa hiyo zoezi la pili halihitaji hata kompyuta. Fungua anwani ya ruta yako kwenye kivinjari cha simu. Kama inafunguka kwa neno la siri lililobandikwa chini yake au lilelile la kiwandani, ushajua Mirai ilivyoishi.

Hesabu nayo inasaidia. PIN ya tarakimu 4 ina mipangilio 10,000 tu, idadi ambayo kompyuta inamaliza kabla hujakohoa. Kinachoilinda pesa yako ya simu siyo urefu wa PIN, ni kwamba ukikosea mara chache akaunti inafungwa. Pasipo na kufuli hilo, urefu ndio kila kitu. Neno la herufi ndogo 8 lina mipangilio karibu bilioni 209. Ongeza herufi 4 tu na mipangilio inazidishwa mara zaidi ya 450,000.

Hata hivyo neno refu halisaidii likiwa ni lilelile kila mahali. Tovuti moja dhaifu ikivuja, wezi wanalichukua na kulijaribu kwenye barua pepe, Facebook na benki. Hiyo ndiyo sababu ya uthibitisho wa hatua mbili, na wanaojua kazi hii hupendelea programu ya kutoa namba za muda kuliko SMS, kwa kuwa laini ya simu inaweza kuhamishwa na tapeli aliyemdanganya wakala.

Mfuko wa nailoni na boksi lililofungwa

Programu nyingine ambayo kila anayejifunza hukutana nayo ni Wireshark. Inakuonyesha vipande vya data vinavyopita kwenye kompyuta yako, kimoja kimoja. Mara ya kwanza ni vurugu tupu, mamia ya mistari kwa dakika hata kama hujafungua kitu. Baada ya siku chache macho yanazoea, na unaanza kuona ile hodi, karibu, asante ikipita mbele yako.

Hapo ndipo alama ya kufuli kwenye kivinjari inapoanza kuwa na maana. Tovuti isiyofungwa kwa msimbo ni mzigo ndani ya mfuko wa nailoni unaoonyesha. Kila anayeupokea na kuupitisha njiani anaona kilichomo, pamoja na neno la siri. Tovuti ya https ni boksi lililofungwa kwa utepe. Wa njiani anaona linakwenda wapi na lina uzito gani, basi.

Ila kufuli linasema tu kwamba njia imefungwa. Halisemi anayekusubiri mwisho wa njia ni mtu mwema. Tapeli naye anapata kufuli kwa tovuti yake, bure, ndani ya dakika chache.

Barua ya dukani iliyoongezewa mstari

Dosari za tovuti zina majina ya kutisha, lakini moja kati ya kongwe inaeleweka kwa mtoto. Mama kamtuma mwanawe dukani na kikaratasi: sukari kilo 1, mafuta nusu lita. Njiani mtoto anaongeza mstari chini: na pipi 10, andika kwenye deni. Mwenye duka anatekeleza yote, kwa sababu haoni tofauti kati ya mwandiko wa mama na wa mtoto.

Tovuti hufanya kosa hilohilo. Inakuuliza jina lako, inachukua ulichoandika na kukipeleka kwenye hifadhidata kikiwa ndani ya agizo. Mtu asiye mwema haandiki jina, anaandika kipande cha agizo. Seva isiyokagua inatekeleza, na badala ya taarifa za mtu mmoja inatoa za wote. Kosa hili linaitwa SQL injection, na linajulikana tangu miaka ya 1990.

Bado mwaka 2015 lilitumika dhidi ya TalkTalk, kampuni ya simu na intaneti ya Uingereza. Taarifa za wateja karibu 157,000 zilichukuliwa, na mwaka uliofuata kampuni ikapigwa faini ya pauni 400,000 kwa kushindwa kuzilinda. Mmoja wa waliofikishwa mahakamani alikuwa kijana wa miaka 17 aliyetumia programu ya kutafuta udhaifu kwenye tovuti. Aliieleza mahakama kwamba alikuwa anajionyesha tu kwa marafiki zake. Alipewa adhabu ya vijana ya miezi 12 chini ya uangalizi, na simu yake ikachukuliwa.

"Ile hela tuma kwenye namba hii"

Karibu kila mwenye laini Tanzania amewahi kuipata meseji hiyo. Haina kirusi, haina linki, haijavunja mlango wowote. Inatumwa kwa watu wengi bila kuwajua, na kati yao lazima atakuwepo mmoja ambaye asubuhi hiyo kweli alikuwa na kodi ya nyumba au ada ya mtoto ya kumtumia mtu.

Wanaofundisha usalama wa mtandao huliita jambo hili uhandisi jamii, na hulipa uzito sawa na Nmap au Wireshark. Kevin Mitnick, Mmarekani aliyekamatwa mwaka 1995 akiwa mmoja wa wadukuzi waliotafutwa zaidi, alitegemea sana simu ya mezani na ulimi. Alijifanya mfanyakazi mwenzao, akaomba msaada, akapewa. Baada ya karibu miaka 5 gerezani aligeuka mshauri wa usalama, kazi aliyoifanya hadi alipofariki mwaka 2023.

Anayetaka kujifunza eneo hili hahitaji kumlaghai mtu. Achukue meseji 5 za kitapeli zilizomo kwenye simu yake na kuzichambua: inaharakisha vipi, inamtaja nani, inakwepa kutaja nini. Akimaliza, kwa aliyeko Tanzania, meseji hizo zinaripotiwa kwa kutumwa kwenda 15040.

Kuzidiwa siyo kuibiwa

Julai 2023, huduma za eCitizen za Kenya zilikwama. Watu walishindwa kuomba pasi za kusafiria na kukata tiketi za treni mtandaoni. Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, na mtaani ikaenea kwamba data za Wakenya zimeibwa. Serikali ilithibitisha shambulio lakini ikasema hakuna data iliyopotea.

Anayejua misingi aliona uwezekano huo haraka. Shambulio la aina hii ni kama watu elfu kumi kupiga hodi kwenye duka moja kwa wakati mmoja bila nia ya kununua. Mwenye duka anashindwa kuhudumia wateja, ila droo ya pesa haijaguswa. Ni hasara, na inauma, lakini ni tofauti na wizi. Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili raia wa Sudan kuhusiana na kundi hilo.

Mazoezi yanafanyikia wapi?

Swali hili ndilo linalowaingiza wengi matatani. Mtu anajifunza jioni, anapata hamu, anajaribu kwenye tovuti ya chuo.

Hakuna haja. Zipo sehemu zilizojengwa ili zivunjwe. Mchezo wa Bandit kwenye OverTheWire ni wa bure, una hatua zaidi ya 30, na unaweza kuuchezea kwenye simu ya Android ukiwa na programu ya Termux. Unaingia kwenye seva yao kupitia mlango wa 2220 kwa jina bandit0 na neno la siri hilohilo, kisha unatafuta neno la siri la hatua inayofuata. La kwanza limo kwenye faili linaloitwa readme. Ni maandishi matupu, kwa hiyo halili bando kama video. Faida nyingine ni kwamba unazijua amri za Linux bila kujilazimisha.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani kina picoCTF, mashindano na mazoezi ya bure yaliyolengwa kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. TryHackMe ina masomo yanayofanyika ndani ya kivinjari, mengine bure, mengine ya kulipia. Na wenye Nmap wameweka seva yao wenyewe, scanme.nmap.org, mahsusi ili wanaojifunza waipigie hodi kwa kiasi. Hiyo ruhusa wameiandika wazi.

Mwenye laptopu anaweza kwenda mbali zaidi. Hata ya mtumba ya Kariakoo au Luthuli, ikiwa na RAM ya GB 8, inatosha kuendesha VirtualBox, programu ya bure inayotengeneza kompyuta ndani ya kompyuta. Upande mmoja unaweka Kali Linux, mfumo uliotoka mwaka 2013 ukiwa umejaa zana za ukaguzi. Upande wa pili unaweka Metasploitable, mashine iliyotengenezwa ikiwa mbovu kwa makusudi. Moja inashambulia, nyingine inashambuliwa, na hakuna anayeumia. Sharti moja: mashine mbovu isiunganishwe na intaneti, maana wapo wengine nje wanaopiga hodi usiku kucha.

Ukiona mtu anauza kozi ya "Kali Linux siku 3 uwe hacker", muulize mlango wa 443 ni wa nini.

Sheria haiulizi ulikuwa unajifunza

Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini ni kosa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida uliyopata kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote. Kenya, sheria ya mwaka 2018 inaweka faini hadi shilingi milioni 5 za nchi hiyo au kifungo hadi miaka 3, au vyote. Hakuna inayosubiri uibe kwanza.

Kisa kinachoeleza hili kuliko vyote ni cha mtu aliyeizima WannaCry. Marcus Hutchins alikuwa na miaka 22, akiishi Ilfracombe, mji mdogo wa pwani nchini Uingereza. Akikichambua kirusi hicho aliona kinauliza kwanza kama tovuti fulani yenye jina refu lisilo na maana ipo. Jina hilo halikuwa limesajiliwa na mtu. Alilisajili kwa dola 10.69. Kirusi kilipouliza na kujibiwa kwamba ipo, kikaacha kuenea.

Dunia nzima ilimshangilia. Miezi 3 baadaye, Agosti 2017, FBI ilimkamata kwenye uwanja wa ndege wa Las Vegas alipokuwa anarudi nyumbani kutoka kwenye mkutano wa wadukuzi. Miaka ya nyuma, akiwa bado kijana mdogo, alishiriki kutengeneza Kronos, kirusi cha kuiba taarifa za benki. Alikiri makosa mawili mwaka 2019.

Jaji wa Milwaukee alizingatia alichokifanya tangu hapo na hakumrudisha jela. Alimpa mwaka 1 wa uangalizi. Lakini kati ya kukamatwa na hukumu ilipita karibu miaka 2 bila kuruhusiwa kurudi kwao. Ujuzi ulioandika Kronos ndio uliomwezesha kuisoma WannaCry. Umri wa kuuanza ulikuwa uleule wa vijana wanaotafuta leo kwenye simu.

Ukiona dosari, unafanya nini?

Ipo njia ya kulipwa kwa kazi hii bila kuwekewa dhamana. Kampuni nyingi kubwa hutangaza wazi mifumo gani mtu anaruhusiwa kuijaribu na zinalipa kiasi gani kwa dosari. Kupitia jukwaa la HackerOne, Santiago Lopez wa Argentina, aliyejifunza mwenyewe kwa video na maandishi ya mtandaoni, mwaka 2019 akiwa na miaka 19 alitajwa kuwa wa kwanza kuvuka dola milioni 1. Huyo ni wa juu kabisa. Wengi huanza kwa miezi bila kupata kitu. Muhimu ni kusoma masharti ya kila kampuni, kwa sababu ruhusa ya tovuti moja haihamii kwenye nyingine ya kampuni hiyohiyo.

Mfumo ambao haukualika mtu ni jambo tofauti. Tuseme mwanafunzi amefungua matokeo yake, akakosea tarakimu moja kwenye anwani ya juu, akaona matokeo ya mwenzake. Hiyo ni dosari ya kweli, na hajavunja kitu. Afanye nini? Aishie hapo. Asijaribu tarakimu ya pili kuhakikisha. Apige picha moja ya skrini afiche jina la mwenzake, aandike tarehe, saa, anwani ya ukurasa na hatua alizopitia, kisha ampelekee anayehusika na mfumo. Asiitupie kwenye X wala kundi la darasa, na asidai malipo, kwani ombi la pesa linaweza kusomeka kama vitisho.

Aliyepakua kwanza matokeo ya wanafunzi 500 ili "awe na ushahidi" ameshavuka mstari, hata kama barua yake inaanza na shikamoo.

Na chuo kikinyamaza, Tanzania kuna TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, na Kenya kuna KE-CIRT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Zote mbili hupokea taarifa za namna hii kupitia tovuti zao.